Nyuzi Sita na Kopo la Mchele

Jumatatu, 3 Juni
Juzi tulipiga muziki sebuleni kwangu, na bado nina hasira. Fundi Cherehani kwenye gitaa. Mwalimu wa Hesabu kwenye ndoo. Shemeji, kaka wa mke wangu, kuimba. Na mimi? Kopo la mchele! Nyumba yangu, viti vyangu, chai yangu, halafu natikisa mchele. Nilimwomba Fundi niimbe japo wimbo mmoja. Akasema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Sawa. Jumamosi hii naimba, watake wasitake.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Gitaa la Fundi hukaa hapa, kwenye msumari wangu, maana mkewe hataki kuliona. Nikizikaza nyuzi zote, wimbo utapanda juu na Shemeji hataufikia. Fundi hatajua, hapimi kamwe. Anasema vidole vyake vinajua njia. Nimekaza uzi mmoja mmoja, nikipima kwa simu. Wa sita ukakatika, ukanichapa kidevuni. Mke wangu nimemwambia ni wembe.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenunua uzi mpya. Sita zote zimekaa sawasawa. Mvumilivu hula mbivu!

Jumamosi, 8 Juni
Mpango umefaulu, nusu. Shemeji alianza ubeti wa kwanza, akatoa macho, akakohoa, akaketi. Nikasimama! Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo mtupu. Nilisahau kwamba sauti yangu ni nzito kuliko yake. Mwalimu akauliza kama nimepaliwa.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni na birika mkononi, akaudaka wimbo kulekule juu, bila hata kuliweka chini. Jirani akafungua dirisha. Fundi akafumba macho. Na mimi, nakiri, nilitikisa kopo mpaka kifuniko kikaruka, mchele wote zuliani. Nikaendelea kwa makofi. Tuliurudia mara tano. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Jumapili, 9 Juni
Furaha imekwisha. Wamemchagua mke wangu kuwa mwimbaji. Kopo kapewa Shemeji, ati yeye hamwagi. Mimi niko kwenye chai. Chai!

Sikati tamaa. Kosa lilikuwa kupandisha, dawa ni kushusha. Huko chini mke wangu hatafika, nitabaki peke yangu. Gitaa liko mapajani sasa hivi. Amepita akauliza nafanya nini, nikasema nalifuta vumbi. Akasema Shemeji amepiga simu: koo limemkauka tangu jana, sauti imekuwa nzito ajabu, ananguruma kama lori.

Masikini, namwonea huruma. Nimelegeza uzi wa tatu.