Harusi Isiyo na Mbuzi

Jumatano, 21 Januari 1998. Gitega.

Nimeshinda! Kamati ya mtaa imenipa mchezo wa Idi. Mimi, Salima, binti wa fundi cherehani, niliyesoma shule ya Mushasha hadi diploma, ndiye nitakayeongoza "Binti wa Mfua Chuma". Hakuna mchezo wa zamani kuliko huu mtaani kwetu. Babu zetu waliucheza kila Idi, baba zetu wakaucheza, na sasa kwa miaka mingi umekuwa mikononi mwa Mzee Chabani, ambaye hajabadilisha hata kikohozi. Watazamaji wanaujua wote kwa kichwa. Wanalia kabla mwigizaji hajalia. Hayo ni mazoea, si sanaa!

Masharti yako wazi. Ukipendwa, mchezo unabaki kwangu na tunaupeleka Muyinga. Usipopendwa, unarudi kwa Mzee Chabani, na mimi narudi kushona vifungo dukani kwa baba. Maisha yangu yote, kwa alasiri moja.

Nimeanza kwa kumfukuza mbuzi.

Ni hivi. Mwishoni baba wa bibi harusi anamshika bwana harusi mkono mbele ya kadhi, anasema, "Nimekuozesha binti yangu." Bwana harusi anafungua mdomo ajibu. Papo hapo mbuzi wa Mzee Chabani anaingia na kumlia kofia. Bwana harusi anamkimbiza mbuzi, watu wanashika mbavu, wimbo, kwisha. Yaani tangu enzi za babu zetu bwana harusi hajajibu! Na hakuna aliyeona aibu hiyo kabla yangu.

Mzee Chabani kaniambia kwa upole, mbuzi yule ana kazi yake, mwanangu, kaulize wakubwa. Nimemjibu kwamba nimesoma. Anamtetea tu kwa sababu ni wake.

Jumapili, 25 Januari

Mazoezi. Wote wamefunga, wote wakali.

Bibi harusi ni Mwajuma. Sikumtaka. Tangu shule ya msingi yeye ndiye mzuri na mimi ndiye mwenye akili, na watu wanampongeza yeye kwa yote mawili. Lakini baba yake, Mzee Nassoro, anacheza baba wa bibi harusi, na hakubali bintiye asimame jukwaani akiozwa na baba mwingine. Sawa. Nimemweka Mwajuma ndani ya pipa tupu la petroli. Pipa ni nchi yetu chini ya vikwazo. Kaniuliza kama kwenye nchi yetu kuna mahali pa kukaa. Nimemwambia asimame.

Kadhi yuko juu ya ngazi, maana sheria iko mbali na watu. Kadhi ni Mzee Chabani mwenyewe, analalamikia magoti. Viti vya waigizaji vimewapa watazamaji mgongo. Nyimbo zote nimekata.

Bwana harusi ni Sudi, fundi wa baiskeli, kijana mpole asiye na kitu. Zamani bwana harusi alitoa mahari ya kitambaa cha hariri. Kwangu anatoa mnyororo wa baiskeli. Mnyororo! Mwenye macho ataelewa. Mzee Nassoro aliuangalia, akamwangalia Sudi, akasema huyu kweli hata kwa kuigiza hana kitu.

Maneno ya ndoa nimekataza yasitamkwe mazoezini. Nataka yazaliwe siku yenyewe.

Jumamosi, 31 Januari. Idi pili.

Niandike haraka.

Ukumbi ulijaa mapema! Tulianza saa nane mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Watu walikaa mpaka madirishani. Moyo wangu ulipaa. Kisha nikaona kwamba nusu yao wameshika bidoni, madumu ya mafuta. Walikuwa wameona pipa la petroli likivushwa mtaani asubuhi. Mama mmoja alinishika kanga, akaniuliza foleni inaanzia wapi.

Pazia likafunguka. Mara mtu akauliza kwa sauti mbona wanatupa mgongo, wametukasirikia? Mwingine akamjibu, bon, ndio mtindo mpya, iko ya wasomi. Mwajuma alipochomoza kichwa ndani ya pipa, mzee wa mbele akamaka, "Yampayinka! Basi petroli hakuna."

Pale nilipokata nyimbo, waliimba wenyewe. Zote, na vigelegele. Nilisimama pembeni nikiwafanyia ishara wanyamaze, wakadhani naongoza kwaya, wakaongeza sauti.

Ikafika mwisho. Kila mtu aligeuka kuangalia mlango. Watoto walikuwa tayari wanacheka. Mzee Nassoro akamshika Sudi mkono, akatamka kwa sauti yake nzito, "Nimekuozesha binti yangu." Akatulia kidogo, kama anavyotulia kila mwaka. Mzee Chabani akafumba macho kule juu ya ngazi. "Mbuzi iko wapi?" ukumbi ukapiga kelele. "Mbuzi! Mlete mbuzi!"

Na Sudi, bila kumtazama mtu mwingine ila Mwajuma, akasema, "Nimekubali kumuoa, kwa mahari ya mnyororo huu."

Neno likazaliwa! Nilikuwa nalia. Hapo ndipo sheikh, aliyekaa safu ya kwanza, alisimama akaomba kimya. Alimuuliza Sudi kama amesema kwa ulimi wake. Ndiyo. Akamuuliza Mzee Nassoro kama yule ni bintiye wa kumzaa. Mzee Nassoro akaunguruma kwamba sheikh jibu analijua. Sheikh akawageukia watu akasema kuna mambo hayana mzaha, na ndoa ni mojawapo. Anayeitamka kwa mchezo ameitamka kweli. Baba yupo. Mashahidi wamejaa mpaka madirishani. Mahari ni chuma, na chuma kina thamani. Kilichobaki ni kumuuliza binti.

Mwajuma alijibu kutoka ndani ya pipa kabla swali halijaisha.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Watu walipiga bidoni kama ngoma. Walimbeba Mwajuma pamoja na pipa. Mzee Nassoro alikaa kwenye kiti kilichotupa mgongo, akabaki hivyo.

Hakuna hata mmoja aliyesema lolote kuhusu ngazi.

Jumapili, 1 Februari

Kumbe Sudi alikuwa anamposa Mwajuma tangu mwaka juzi, na Mzee Nassoro anamwambia rudi mwezi ujao, rudi mwezi ujao. Mtaa mzima ulijua. Mimi nilikuwa nasoma.

Mzee Nassoro kaja nyumbani asubuhi. Kamwambia baba kwamba nimemwibia mtoto mchana kweupe, tena kwa mdomo wake yeye mwenyewe. Baba kamkaribisha chai isiyo na sukari, maana sukari hakuna, na mzee kainywa akisema ni sawa tu, siku zake zote sasa ni hivi. Kikombe cha pili akaanza kucheka. Cha tatu akaniuliza kama najua mnyororo ule ulikuwa mpya au umetumika.

Kisha akaja Mwajuma na sinia la chapati. Akanikumbatia! Akasema, we Salima, mi nilikuwa nakuona una roho ngumu, kumbe ulipanga yote haya kwa ajili yangu. Nikamwambia sikupanga chochote, ile ilikuwa sanaa. Akanikonyeza. Balaa. Nimezoea kuchukiana naye, sasa nitafanya nini jioni?

Alhamisi, 5 Februari

Muyinga wametuita! Bwana Nazarali, mwenye duka kubwa kule sokoni, anatoa depo lake, ghala la bidhaa, na nafasi kwenye lori. Ameandika kwamba mji mzima unataka kuona mchezo huo. Mji mzima! Kamati imesema itaamua baada ya hapo. Kwa hiyo Muyinga ndio kila kitu.

Sheikh ametoa sharti moja: bibi harusi awe Mwajuma huyo huyo, ambaye keshaolewa, na baba asiwe baba yake. Mzee Chabani atashuka ngazini awe baba. Kadhi sasa ni ngazi tupu. Ni bora zaidi!

Jumamosi, 14 Februari. Muyinga.

Tumekuja jana kwa msafara, lori nyuma ya lori na askari mbele. Kizuizini askari mmoja aligonga pipa akauliza lina nini. Nilimweleza kuhusu nchi na utupu. Alinisikiliza, akamgeukia dereva akamwambia apite upesi kabla dada hajaendelea.

Sasa mchezo wenyewe. Depo lilijaa. Na kimya! Kimya ambacho kila msanii anakiota. Wazee wote wenye mabinti walikaa wamefunga midomo kwa kiganja. Kijana mmoja alimsalimia mzee shikamoo, mzee akatikisa kichwa tu, akamvuta bintiye upande wa pili. Hakuna aliyethubutu kutamka neno. Nilijua: wameguswa. Mama zao, kwa upande wao, walikuwa wanawapiga waume zao viwiko, wakinong'ona, sema kitu basi, baba nani, hata karibu tu.

Ndipo nikasikia "mee". Nikatazama chini. Kila mzee aliyekuja na binti alikuja na mbuzi wake, amemfungia mguuni. Kwa usalama!

Mzee Chabani alipomshika Sudi mkono na kusema, "Nimekuoz...", wazee wote waliachia kamba kwa pamoja.

Sitaeleza yote. Mbuzi walipanda jukwaani kama jeshi. Walikula mapambo yangu, ambayo yalikuwa karatasi za mifuko ya saruji. Mmoja alipanda ngazi ya kadhi, akasimama juu kabisa, akatazama watu kwa dharau kuliko kadhi yeyote niliyewahi kumwona. Sudi alikuwa anakimbiza mbuzi wa kulia, wa kushoto wakimlia kofia. Bwana Nazarali alikuwa amekaa sakafuni anafuta machozi, akisema, yaani sisi tulikuwa tunaona mbuzi moja tu, moja tu, miaka yote! Watu walisimama wakapiga makofi mpaka mabati yakalia.

Mzee Chabani alinitazama kupitia vumbi. Alikuwa anacheka kama mtoto. Na mimi, nakiri hapa tu, nilicheka mpaka nikakaa ndani ya pipa.

Jumatatu, 16 Februari. Gitega.

Kamati imeamua. "Binti wa Mfua Chuma" unarudi kwa Mzee Chabani, na mbuzi, tena sasa mbuzi wengi, Muyinga wamesisitiza. Nimeumia. Nimeshona vifungo asubuhi nzima, viwili vimekaa upande usiofaa.

Lakini alasiri Mzee Chabani kaja dukani. Kasema nina moto, na moto si wa kuzimwa. Kanipa mchezo mwingine wa zamani, "Mume wa Hasira", nifanye nitakavyo! Nimeusoma wote bila kunyanyuka. Una kasoro ile ile. Mume kakasirika, anataka kumpa mkewe talaka, na kila akifungua mdomo jirani anagonga sufuria, neno halisikiki. Mchezo mzima ni sufuria! Kelele za bure.

Mke na mume watakuwa Mwajuma na Sudi. Ni mtu na mkewe kweli, wataigiza kwa hisia. Wamekubali kwa furaha, wanasema wananidai shukrani maisha yao yote.

Masufuria nimekata. Nataka Sudi asimame peke yake katikati ya jukwaa, amtazame mkewe machoni, alitamke neno lile mara tatu, polepole, watu wote wasikie.