Ripoti ya Mwaka ya Mfumo Wangu Huria

Jumatatu, 15 Desemba
Wiki kubwa! Jumamosi nasoma ripoti ya mwaka ya mfumo endeshi wa kompyuta nilioubuni. Ni huria: yeyote anauchukua bure, anaufungua, anaurekebisha. Nikimaliza kusoma, wanaojitolea watapiga kura. Nani aongoze mradi mwakani, mimi mwanzilishi, au yule tunayemwita Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha hata kuku? Anaandika msimbo safi wa programu. Ndiyo kasoro yake kubwa.
Nimeandika ukweli mtupu. Mwaka jana niliahidi mfumo utachapisha. Hauchapishi. Printa inanguruma, inatoa karatasi nyeupe, inanyamaza kwa heshima. Nimehifadhi faili. Nimekwenda kula.

Jumanne, 16 Desemba
Nimeurudia ukweli asubuhi. Unauma! Sasa inasomeka: “Uchapishaji umefikia hatua ya kutia moyo.” Mke wangu ni fundi cherehani, tunagawana chumba cha mbele. Amesoma begani kwangu, pini mdomoni. Amesema akimwambia mteja gauni lake limefikia hatua ya kutia moyo, yeye fundi atatafuta pa kukimbilia. Nimemweleza kuwa teknolojia si gauni.

Jumatano, 17 Desemba
Watumiaji. Ni kumi na wanne, ukihesabu kompyuta zangu tatu zilizo chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nimeandika “mamia.” Nikaona ni ubahili. “Maelfu, katika mabara kadhaa.” Hapo!
Mara ujumbe wa Profesa: eti mkuu, mabara mangapi hasa? Amebahatisha tu! Nimemjibu ripoti ni siri mpaka Jumamosi. Amecheka kwa herufi nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Alhamisi, 18 Desemba
Nimemchoma kidogo mpinzani. “Baadhi yetu wamepoa.” Nimefuta. “Profesa amelala fofofo.” Nimefuta pia. Mimi ni muungwana.
Ila wenzangu wamechangamka mno leo. Daktari wa meno, anayejitolea kututafsiria menyu za mfumo, amenipa pole kwa kazi ngumu ya kufuta. Mwingine amenisihi, kaka, rudisha ile ya fofofo. Chai imenipalia.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimeelewa. Kwa mazoea, ripoti niliihifadhi kwenye ghala la mradi mtandaoni! Ghala liko wazi kwa dunia nzima. Linatunza kila badiliko: kilichoandikwa, kilichofutwa, na aliyefuta. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Niliitolea hotuba! Wiki nzima wananisoma kama hadithi ya gazetini.
Nimemwambia mke wangu nitasingizia mdukuzi. Ameuliza mdukuzi gani huyo, anavunja mlango wa mtu ili amsifie mwenye nyumba.

Jumamosi, 20 Desemba
Mkutano. Skrini imejaa nyuso zilizobana midomo. Pa kujificha sina. Nimesoma ya Jumatatu, neno kwa neno, karatasi nyeupe na yote.
Kisha Profesa akasema alipoyasoma hayo siku ile, alicheka mpaka mama mkwe wake akaja kumchungulia. Ndipo akaamua kuitafuta hitilafu. Kaipata! Tumeweka rekebisho lake papo hapo. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka na maandishi! Meusi! Yanasomeka! Mke wangu kapiga vigelegele, kopo la pini likamwagika.
Kura. Profesa kajitoa. Amesema ataelewana na mashine, watu abaki nao mkuu. Mikono yote imenyooka kwangu, kwa sharti moja: niendelee kuandikia hadharani. Daktari wa meno anasema kwao siku hizi wanaisoma ripoti mezani, familia nzima.

Jumapili, 21 Desemba
Nimetafakari kwa utulivu. Somo la wiki hii ni wazi: watu wananiamini kupita kiasi. Ni dhambi kuwaangusha.
Nimeanza mipango ya mwakani. Kufikia Juni mfumo utaendesha simu, saa za mkononi, na cherehani ya mke wangu. Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga, haina hata pa kuchomeka waya. Hilo ni dogo. Nimeshamfahamisha mwenyewe. Amechukua mkoba, amekwenda kununua kufuli la kufungia cherehani.
Wivu wa watu wa fani nyingine ndivyo ulivyo.