Msajili wa Vioja vya Oldervaart

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Oldervaart, wasomi na wasio wasomi, pamoja na mabata bukini wao, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Mei hakuna mtu atakayeruhusiwa kumshangaza mpita njia bila kibali."

Waraka huo ulibandikwa kwenye kila daraja la mji wetu, nasi tuliusoma mara mbili mbili, si kwa mshangao bali kwa kusahihisha. Oldervaart ni mji wa chuo kikuu. Kila mkazi wa tatu ni mwanafunzi, kila wa tisa ni profesa, na waliobaki ni watu waliokuja kusoma zamani wakasahau kuondoka. Kufikia jioni nakala ya Daraja la Mawe ilikuwa imetiwa mikato sita, tanbihi mbili, na alama sita na nusu kati ya kumi kwa kalamu nyekundu.

Aliyeuandika ni Bwana Douwe Hoekzema, Msajili Mkuu na wa pekee wa Ofisi ya Vioja vya Kila Siku. Halmashauri iliianzisha ofisi hiyo baada ya kugundua kwamba wageni hawaji kuona kanisa letu, ambalo linafanana na makanisa mengine yote. Wanakuja kuona baiskeli iliyoning'inia mtini mbele ya maktaba, korongo anayepanga foleni kwenye kibanda cha samaki, wanahisabati wawili wanaogombana kwa chaki chini ya daraja, vijana wa chama cha wanafunzi wanaohamisha kochi lao mitaani, na profesa mstaafu Annechien Wubs akipita kwa baiskeli huku bata bukini wake ameketi kwenye kreti ya mbele, akitazama barabara kama yeye ndiye dereva. Vitu hivyo vilikuwa vikitokea ovyo ovyo tu, bila ratiba. Serikali yoyote makini isingeweza kuvumilia.

Kabla ya hapo Douwe alikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la Idara ya Majitaka, chini ya ardhi, ambako hakuna aliyewahi kuja akitabasamu. Mtu anakuja choo kimefurika, anafoka, anaondoka bila kuaga. Sasa alikuwa na chumba kinachotazama mfereji, muhuri wa shaba, na kizibao cha njano kinachong'aa, kimeandikwa MSAJILI mgongoni. Alikipenda kizibao kile kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na Jumapili alikula nacho mezani mpaka mkewe akakoma kuuliza.

Alianza kazi na bata.

"Ana jina?" alimuuliza Profesa Wubs pale darajani, huku akimpima ndege shingo kwa futi ya fundi seremala.

"Analo. Ila ukimwita haji."

"Hupita hapa saa ngapi?"

"Akitaka."

"Kwenye fomu hakuna 'akitaka', Profesa. Kuna asubuhi, mchana na jioni."

"Sasa wewe Douwe, ukimwekea saa, kioja kitakuwa wapi? Si atakuwa basi la abiria?"

"Ughafla nao una utaratibu wake," Douwe akasema kwa upole wa mtu aliyepewa mamlaka juzi. "Kifungu cha nne. Kioja kitatokea kwa ghafla, ndani ya muda uliopangwa."

Bata akamdonoa kidole. Douwe aliliandika hilo chini ya 'Maoni ya mwombaji' akagonga muhuri.

Katikati ya mwezi akaitwa na Mheshimiwa Geertje Clevering, mjumbe wa halmashauri anayesimamia utamaduni, maegesho na panya. Mheshimiwa alimimina kahawa, akafungua mkebe wa biskuti. Douwe akachukua moja, naye akachukua moja, mkebe ukafungwa. Kwetu hiyo ni karamu.

"Wizara inaleta jopo la ukaguzi Alhamisi," akasema. "Watu watatu. Wanataka kuona vioja kumi na viwili kwa macho yao, Daraja la Mawe, saa nne asubuhi. Saa nne na robo wanaondoka, treni yao haimsubiri mtu."

"Vitakuwepo, Mheshimiwa."

"Visipokuwepo ofisi inafungwa, nawe unarudi chini."

"Chini wapi?"

"Majitaka, wapi tena? Dirisha lako lipo vile vile. Hatujampata wa kukaa pale."

Douwe akaitia mfukoni biskuti iliyobaki. Alirudi ofisini kwa miguu, akisukuma baiskeli aliyosahau kuipanda.

Hapa inabidi niseme jambo la aibu kuhusu sisi. Chuoni kwetu mhadhara ulioandikwa saa tatu huanza saa tatu na robo. Ni desturi ya tangu enzi za wanafunzi wasio na saa, waliosikia kengele ya mnara ndipo wakaanza kutafuta viatu. Siku hizi kila mtu ana saa mkononi na nyingine mfukoni, lakini robo imebaki, tena imetoka chuoni ikaingia mjini. Tunaoa na robo, tunazika na robo. Ukiitwa na daktari wa meno saa nne ukafika saa nne, anakutazama kama umemwingilia bafuni.

Douwe hakusoma chuoni, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya mdomo wa bata. Lakini robo aliijua vizuri. Basi akafanya ujanja. Kwenye barua za wito hakuandika saa nne. Aliandika saa tatu na dakika arobaini na tano. Wataongeza robo yao, alijisemea, na saa nne kamili wote watakuwa darajani. Akajiona mjanja kuliko kitivo kizima.

Barua zilifika. Wenye vioja wakakusanyika sebuleni kwa Profesa Wubs kuzijadili, maana kwetu barua haisomwi tu, hujadiliwa.

"Saa hii imekaa vibaya," akasema mmoja wa wale wanahisabati. "Nani anawaita watu saa tatu na dakika arobaini na tano?"

"Douwe huyo," Profesa akajibu. "Si mtu wa chuo, lakini muungwana. Ameshatukatia robo yetu, ili tusihangaike na hesabu. Maana yake ni saa nne."

"Saa nne ya kwenye karatasi?"

"Ya kwenye karatasi."

"Basi tunafika saa nne na robo."

"Ndiyo adabu yenyewe. Mtu akikuheshimu kwa robo, nawe unamrudishia robo yake."

Likapitishwa bila pingamizi, hata la bata.

Alhamisi, saa nne kamili, jopo lilifika kwa baiskeli tatu zinazofanana. Kiongozi wao alikuwa Bwana Terpstra, mtu mrefu, mkavu, mwenye kalamu nne kifuani na asiyemwazima mtu hata moja.

"Haya, Bwana Msajili. Tunaangalia nini?"

Walikuwa wanaangalia daraja. Daraja tupu, kavu, safi. Hata korongo hakuwepo, ilhali yeye hakuandikiwa barua.

"Vinakuja," Douwe akasema.

Ikafika saa nne na dakika tatu. Ikafika na tano. Bwana Terpstra akafungua daftari, akaandika neno moja fupi. Douwe hakuliona, lakini alilinusa. Lilikuwa na harufu ya Majitaka.  Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na hakuweza kurudi kwenye dirisha lile, hakuweza kabisa.

"Wakati tunasubiri," akasema, na sauti yake ikapanda juu mno, "nitawaelekeza kwa vitendo."

Akachukua kreti tupu kutoka kibanda cha samaki, akajikunja ndani yake mpaka magoti yakagusa masikio. Akanyoosha shingo, akaitazama barabara kwa dharau.

"Kioja cha kwanza. Bata bukini wa profesa mstaafu. Urefu wa shingo umeidhinishwa."

Akatoka kwenye kreti, akasimama upande wa kushoto wa daraja akafoka, "Sikubali!" Akaruka upande wa kulia. "Huna uthibitisho!" Akarudi kushoto. "Ninao, nimeusahau nyumbani!" Hao walikuwa wanahisabati. Kisha akaja akihema, amebeba kochi la chama cha wanafunzi, kochi ambalo halikuwepo, akimwomba mkaguzi wa pili aangalie kona. Mkaguzi akasogea nyuma hatua moja. Douwe akamshukuru, akalitua kochi, akafuta jasho. Kilichofuata kilikuwa korongo. Akasimama kwa mguu mmoja mbele ya kibanda cha samaki, mikono nyuma, kidevu mbele.

Aaltje, muuza samaki wa heringi kibandani hapo, amemrushia korongo mkia wa samaki kila asubuhi kwa miaka minane, naye hutupa bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake. Akatupa. Douwe akaudaka kwa mdomo. Mpaka leo hajui kwa nini.

 Bwana Terpstra alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na huwa unafanya haya kila siku?"

Hapo Douwe angeweza kusema ukweli. Lakini dirisha la chini likamjia mbele ya macho, pamoja na foleni ya watu waliofurikiwa. Akaumeza mkia.

"Kila siku ya kazi," akasema. "Isipokuwa sikukuu za kitaifa."

"Bila msaidizi?"

"Bila msaidizi."

Bwana Terpstra akaandika kwa muda mrefu sana. Kengele ya mnara ikalia saa nne na robo, jopo likapanda baiskeli likaondoka. Hawajakata kona, upande wa pili wa daraja wakatokea wote: Profesa na bata, wanahisabati na chaki zao, kochi likiwa na vijana wanne chini na mmoja juu, wote wamevaa nguo za sherehe.

"Tumewahi!" Profesa akapiga kengele ya baiskeli. "Wageni wako wapi?"

Douwe alikaa kwenye kreti akalia, si sana, kiasi kinachomfaa mtumishi wa umma.  Aaltje akamletea heringi nzima yenye vitunguu, akaila.

Baada ya wiki mbili Mheshimiwa Clevering alikuja mwenyewe ofisini kwa Douwe, ana barua ya wizara mkono mmoja na mkebe wa biskuti mkono wa pili. Alimkaribisha moja. Kisha akamkaribisha ya pili, na hapo Douwe akajua kuna msiba.

"Ofisi imepona," Mheshimiwa akasema. "Miaka kumi."

"Na Majitaka?"

"Sahau Majitaka. Wanasema wamezunguka nchi nzima hawajaona kitu kama kile. Sikiliza: 'Mtumishi wa umma anayegeuka ndege mbele ya raia, kwa uzito wote wa wadhifa wake.' Wizara yenyewe imekusajili, Douwe. Wewe ndiye Kioja Namba Moja."

"Mimi?"

"Wewe. Hongera. Ila kuna kijambo kidogo. Kifungu cha tisa."

Kifungu cha tisa Douwe alikiandika kwa mkono wake, Jumapili moja ya mvua, na alikiona kitamu. Kilisema kwamba aliyesajiliwa kuwa kioja hatashika wadhifa wowote katika serikali ya mji, ili kuepusha mgongano wa maslahi, na atajitokeza darajani kila siku ya kazi mpaka msajili atakapomwachia.

"Kwa hiyo leo saa kumi na moja unakabidhi muhuri," Mheshimiwa akaendelea. "Profesa Wubs amekubali kuushika; aliyesajiliwa ni bata, si yeye. Sheria ni sheria, ndugu yangu. Mimi mwenyewe naumia."

Hakuonekana kuumia. Alichukua biskuti.

"Na kizibao?"

"Hicho baki nacho. Ni sehemu ya kioja."

Douwe aliomba aione barua, aisome kwa macho yake. Aliisoma polepole, kama alivyozoea kusoma malalamiko, mpaka chini, kisha akaigeuza. 

"Mheshimiwa, umesoma ukurasa wa pili?"

"Wa kwanza ulinitosha."

Douwe akasoma kwa sauti: "'Tukielekea stesheni tulipita nje ya ukumbi wa halmashauri. Kwa kuwa dirisha halina pazia, tulisimama tukatazama. Watu wazima saba walikuwa wakijadili kama bata bukini kretini anapaswa kutazama mbele au ubavuni. Wakapiga kura. Wakarudia kura. Tulikosa treni, tukakosa na iliyofuata. Halmashauri yote imesajiliwa kuwa Kioja Namba Mbili, ikiongozwa na mama mwenye mkebe.'"

Mheshimiwa Clevering aliinyang'anya barua, akaisoma mwenyewe, midomo ikimcheza.

"Huu ni upuuzi. Mimi nimechaguliwa! Hicho kifungu cha tisa nani alikipitisha?"

"Nyinyi, Mheshimiwa. Kwa kauli moja. Mlikuwa mnawahi chakula cha mchana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini. Yalikuwa yamebaki mamlaka ya dakika arobaini. Douwe akavuta fomu mpya, akaupulizia muhuri wa shaba pumzi ya moto, na akahisi furaha kubwa kifuani, furaha chafu, ambayo aliionea haya lakini hakuizuia.

"Jina kamili?"

"Douwe, acha utani. Wajumbe wote saba tukisimama darajani, mji utaongozwa na nani?"

Douwe alifikiri. Alikuwa mtu mkweli isipokuwa siku moja tu, na alilitendea haki swali hilo.

"Majitaka wapo kazini, Mheshimiwa," akasema kwa upole, akimsogezea kalamu. "Jina hapa juu, kwa herufi kubwa."