Nati za Shemeji Didace

Jumapili, 6 Julai

Kikao cha harusi nyumbani kwa shemeji Theopista, Shanwe. Theopista ni dada mkubwa wa mke wangu Vénérande. Ni mjane. Binti yake, Emelyne, anaolewa Jumamosi kule Usevya, na baba wa kumpeleka kanisani hayupo. Ikakubaliwa kwamba atakayemwendesha bibi harusi ndiye atakayemshika mkono mpaka altareni. Watu wote wakaniangalia mimi. Halafu wote wakamwangalia Didace.

Didace ni kaka yao. Mpole. Anaimba besi kwenye kwaya. Ana gari jeupe kama langu, aina ileile, ila la kwake linang'aa. Ananichosha mtu huyu!

Theopista akasema gari zima ndilo litakalobeba mwanawe. Akamtuma fundi Manyanda, aliyekuja kula wali tu, akague yote mawili. La Didace: safi. Langu: spana ya tairi ikagoma kuingia kwenye nati. Manyanda akatangaza mbele ya wakwe zangu kwamba nati zangu zimevimba. Ndani chuma, juu kofia ya bati linalong'aa. Maji yamepenya katikati, kutu ikainua kofia. Nikipata pancha porini, bibi harusi atalala na viboko. Nibadilishe zote. Atakagua tena Alhamisi.

Watu wakacheka. Didace hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jumanne, 8 Julai

Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje. Nimeenda duka la spea, nimezishika nati mpya, nimezirudisha. Nimetoka. Nimerudi tena. Muuzaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ya nini kununua, wakati nati nzuri za saizi yangu zimo ndani ya ukoo?

Nimeazima kwa Manyanda soketi yake kubwa, ile inayoshika hata nati zilizovimba. Nimemwambia kitanda changu kimelegea. Akauliza kitanda gani hicho chenye nati za namna hiyo. Nikamjibu cha mninga. Akanikabidhi.

Jumatano, 9 Julai

Didace alikuwa mazoezini na kwaya. Gari lake aliliacha nyuma ya kanisa, penye uzio. Nikaegesha langu ubavuni. Jeki, soketi, kazi! Nati zake zikaja kwangu, zangu zikaenda kwake. Upande wa kushoto nilimaliza bila tatizo. Ndani wanaimba kuhusu uaminifu. Wimbo mzuri.

Ndiyo kwanza nazunguka kwenda upande wa kulia, umeme ukakatika. Kinanda kimya. Wanakwaya wote hao nje! Nikatupa soketi chini ya kiti. Didace akanikuta nimepiga magoti kwenye vumbi. Nikamwambia nimedondosha pete ya ndoa. Akapiga magoti na yeye, na suruali yake safi, akaanza kupekua majani. Alitafuta kwa moyo kabisa. Pete ilikuwa kidoleni kwangu. Niliingiza mkono mfukoni, nikaitoa, nikapiga kelele kwamba imeonekana. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Upande wa kulia basi tena. Lakini nani anakagua pande zote?

Alhamisi, 10 Julai

Nimeegesha gari likibana ukuta wa Theopista upande wa kulia, hata paka asipite. Manyanda akajaribu spana kushoto. Ikaingia vizuri! Akauliza kulia je. Nikamwambia nati ni zilezile za siku zote. Sikusema uongo.

Theopista ametangaza: Arcade, yaani mimi, atampeleka Emelyne. Didace akanipa mkono, akasema ninastahili. Nimekwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani kujaribu suti yangu. Bluu. Kali!

Ijumaa, 11 Julai

Manyanda amekuja hadi nyumbani kwangu, Misunkumilo, kuchukua soketi yake. Ameomba akione kitanda. Vénérande akamwonyesha. Hakina hata nati moja. Nikatoka kwenda kuangalia mahindi, ingawa yalishavunwa.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa!

Asubuhi, maua yameshafungwa kwenye gari langu, Didace akajitokeza na wazo. Gari lake lina kiyoyozi na pazia. Bibi harusi asitoke jasho. Basi Arcade aendeshe gari la Didace na Emelyne ndani. Yeye atakuja nyuma na wanakwaya kwenye la kwangu. Heshima ibaki kwangu vilevile. Watu wakapiga makofi. Nikasema kiyoyozi kinaleta mafua. Nikasema nimelizoea langu. Nikasema maua yatanyauka yakihamishwa. Theopista tayari alikuwa anayahamisha.

Tukapita Sitalike, tukaingia mbugani. Niliendesha kama nimebeba mayai. Nilikwepa kila jiwe. Msumari sikuuona.

Tairi la nyuma. Kushoto!

Nikashuka na spana, najua kabisa. Haikuingia. Nikaigonga kwa jiwe. Haikuingia. Na mbung'o wakaja. Vile vitambaa wanavyotegea mbung'o porini ni vya rangi gani? Vya bluu. Niliwafaa. Shingoni, masikioni, wanapenya hadi kwenye soksi. Ndani ya gari Theopista anagonga kioo, anasema "Mana yanje!", yaani Mungu wangu, na kuuliza nacheza ngoma gani. Mbali kidogo nyati wametulia, wananitazama.

Didace akafika. Akajaribu spana, akashangaa sana. Wakati hakuna. Wanakwaya wakashuka, Emelyne na mama yake wakahamia gari langu. Emelyne akachungulia dirishani, akaniambia, "Pole, baba mdogo. Mimi nilitaka twende wote." Karibu nilie. Walikuwa mbung'o tu.

Kwa hiyo bibi harusi ameingia Usevya kwa gari langu, ameshikwa mkono na mjomba Didace. Mimi nilibaki na sauti ya kwanza ya kwaya ndani ya gari lenye joto, injini imezimwa. Walifunga vioo. Waliimba. Manyanda, naye akija harusini, alitufikia kwa lori la mpunga, akiwa na soketi. Alifungua nati, akazikusanya kiganjani, akaniangalia mimi, akazitazama tena. Akasema, "Kitanda chako kimefika mbali, mzee."

Pilau tuliikuta imeisha.

Jumapili, 13 Julai

Kikao tena. Manyanda ameeleza yote, taratibu, kwa ule upole wa Kisukuma unaoua. Vénérande hakunitetea, alisema uso wangu umevimba kuliko nati. Theopista hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama nilimwonea wivu mwanawe au kaka yake. Nikajikuna shingo. Ni usiku wa manane na bado najigeuza.

Didace ndiye aliyenimaliza. Alisema tangu Jumatatu alishaninunulia seti nzima ya nati mpya, za chuma kitupu, zisizovimba. Alitaka kunipa kama zawadi siku ya harusi, baada ya kanisa.

Sasa si angesema mapema? Mtu anafichaje jambo kama hilo? Kosa lake.

Jumanne, 15 Julai

Nimeomba msamaha. Nimeapa mbele ya Theopista kwamba sitagusa tena kitu cha Didace. Tumekumbatiana. Manyanda amefunga nati mpya kwenye magari yote mawili, pande zote. Spana inaingia kama kidole kwenye asali. Nina amani.

Jioni Didace aliondoka. Aligusa ufunguo tu, gari likawaka. Mara moja! Langu huwa linasukumwa na watu wawili na mke wangu. Nikamuuliza siri. Akasema betri mpya.

Betri zote ni nyeusi. Na Ijumaa kwaya ina mazoezi marefu.

Nimeenda kuazima spana namba kumi. Si kwa Manyanda.