Mfalme Amekalia Riwaya Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nimeandika riwaya. Ya kihistoria! Madaftari matatu, yamejaa mbele na nyuma. Inahusu malkia aliyeteka nchi saba. Tangu nikiwa shule nayalalia madaftari hayo chini ya godoro.

Leo nimeanza kazi kwenye ukumbi wa maigizo. Shangazi, anayeshona mavazi ya waigizaji, ndiye aliyenipigia debe. Aliwaambia sauti yangu haiwezi kumshtua hata nzi, kwa hiyo nitawafaa. Kazi yenyewe: kukaa nyuma ya pazia na maandishi ya mchezo. Mwigizaji akisahau, namnong'oneza.

Mwigizaji mkuu wanamwita Sultani. Miaka ishirini hajaigiza mtu asiye na taji. Na asubuhi anaandika riwaya za kihistoria. Kumi na moja! Mchezo huu ameutoa kwenye riwaya yake mwenyewe, na maneno yake mwenyewe hayakumbuki. Leo nimemnong'oneza mara kumi na tisa.

Nataka kuwa kama yeye. Ila mtu akinisalimu, natazama viatu vyake. (Vya Sultani ni vya kahawia. Kamba ya kushoto imekatika.)

Azimio: wiki hii Sultani asome riwaya yangu, aseme kama nina kipaji. Lazima iwe wiki hii. Shangazi amesema nisipopendezwa na mambo ya ukumbini ndani ya wiki moja, ataanza kunifundisha kushona. Mkasi ameshaninunulia.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi: naomba unisomee kazi yangu. Maneno manne tu! Nikaingia chumba cha kuvalia. Sultani alikuwa anabandikwa ndevu. Nikafungua mdomo. Haikutoka hata pumzi. Akanipa kikombe chake.

Nikakiosha, nikakijaza chai, nikamrudishia. Nikafungua mdomo tena. Akanipa kikombe tena.

Mara nne. Sasa ananiita Mama Chai, tena kwa upendo kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya, isiyohitaji mdomo. Nimeacha daftari la kwanza mezani pake, katikati, pasipo jina. Mtu anayependa historia ataliona tu. Ataanza kusoma, ndevu zitamdondoka!

Jioni. Kiti cha enzi kilikuwa kinayumba. Sultani ametafuta kitu cha kuweka chini ya mguu mmoja, akapata kitu chenye unene unaofaa kabisa. Amemsifu aliyekiacha pale.

Onyesho zima nimemtazama mfalme akiwa amemkalia malkia wangu. Lakini hakikuyumba hata kidogo. Nilijisikia fahari kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Siwezi kutulia!

Sehemu ya pili, mfalme anarudi kutoka vitani kumwona mama yake. Sultani akasahau. Akajikuna ndevu, ishara yetu. Nikatazama maandishi. Pale imeandikwa "Mama, nimerudi." Basi. Mtu ametoka vitani baada ya miaka tisa! Sijui nini kilinipata. Nikamnong'oneza sentensi yangu, ya daftari la pili: "Mama, nchi nzima nimeichukua bila kubisha hodi, lakini mlangoni kwako bado nabisha."

Akaisema. Kwa ile sauti yake!

Mama mmoja safu ya mbele akatoa leso. Halafu makofi, hadi pazia likatikisika nami nikatikisika nalo.

Baadaye Sultani alimjia juu mwongozaji wa mchezo ukumbini: "Nani aliifuta sentensi yangu nzuri kuliko zote?" Mwongozaji akaapa hajawahi kuiona. Sultani akamwambia hasomi, ndiyo maana. Ipo kwenye riwaya ya tatu, au ya saba. Nimewaacha wamezungukwa na vitabu kumi na moja, wanafunua kurasa. Shangazi naye anafunua, na miwani ya kushonea.

Sentensi yangu anadhani ni yake! Nimecheka ndani ya kabati la mavazi mpaka nikapata kwikwi.

Jumamosi, 8 Juni

Nilipaswa kuishia hapo.

Ila leo ukumbi ulijaa, na kabla ya vita akajikuna ndevu. Nikachagua sentensi kali kuliko zote, ya malkia akiwakabili maadui. Nikainong'oneza. Sultani akachomoa upanga, akapanda juu ya kiti, akanguruma: "Tangu nilipojifungua mapacha, upanga haunitishi!"

Nilisahau kwamba malkia wangu ni mwanamke na mfalme wa Sultani ni mwanamume.

Watu walicheka hadi maadui wakaketi chini. Adui mmoja alimpongeza mfalme na kumuuliza watoto hawajambo. Sultani, mzoefu yule, akajibu wanalala, msipige kelele. Makofi!

Lakini viatu vyeusi vinavyong'aa vikasimama mbele yangu. Vya mwongozaji. Kesho saa nne, alisema. Kwaheri kazi. Karibu mkasi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda nikiwa nimeshalia yote nyumbani. Sultani aliniuliza sentensi zile zinatoka wapi. Nikasema, kwa sauti ya nzi, kwamba zinatoka kwenye riwaya yangu, na mwanzo wake upo chini ya kiti chake.

Akainua kiti mwenyewe. Akachomoa daftari. Akasoma. Mwongozaji akaketi, akasimama, akatoka. Saa moja na nusu! Nilimletea chai. Ikapoa.

Hatimaye akasema sura ya kwanza ni mbovu, niitupe. Kurasa za mazishi ya mume zipungue, huyo mume mwenyewe hakuwa mtu wa maana. Ila kuanzia sura ya pili alisahau kama ana chai. Kisha: "Binti, wewe ni mwandishi. Na ukinichomekea tena neno lisiloandikwa, nitakukalia wewe."

Nikainua macho. Ana chunjua puani! Wiki nzima sikujua.

Sharti moja: Jumanne nisome sura ya pili jukwaani, mbele ya waigizaji wote. Kwa sauti. Nikasema ndiyo. Mimi!

Nimeshatulia, na nimeshapata njia. Nitasimama jukwaani nikifungua na kufunga mdomo tu. Nyuma ya pazia atakuwepo shangazi, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa mzima, akisoma badala yangu. Hakuna kinachoweza kuharibika. Tatizo dogo: shangazi bado hajui mpango huu, na bila miwani yake huruka mistari.

Wewe unayesoma haya, nakusihi, usimwambie mtu. Hasa Sultani.