Ng'ombe Wangu wa Ndabibi

Jumatatu, 1 Septemba

Mama Valarie anauza nyumba! Hii hii tunayopanga hapa Section 58. Anahamia Kisumu kwa binti yake, baridi ya Nakuru imemshinda magoti. Alikuja jioni, akanywa chai, akasema angependa tuinunue sisi kabla hajamwambia mtu mwingine, maana mke wangu Nanyama amemtunza kama mama yake. Akasema hana haraka. Tunaweza kumlipa polepole miaka mitatu, bila benki, tuandikishane tu kwa wakili.

Mke wangu alikuwa jikoni, hakusikia. Nikamwambia Mama Valarie kwamba mimi si mtu wa kulipa kidogo kidogo kama anayenunua sufuria. Nitamletea pesa zote kwa mpigo, za benki, mwisho wa mwezi. Akasema sawa, lakini mwezi ukiisha atampa yeyote atakayekuja.

Nanyama nilimwambia nyumba inauzwa. Hayo ya miaka mitatu sikuona haja. Alifurahi hadi akatoa machozi. Kibanda chake cha kusuka nywele kiko pale getini, wateja wamezoea. Akasema tukiikosa hii hajui ataanzia wapi. Tuikose kwa nini? Mimi ni mtu wa mipango.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempata broka wa mikopo ya nyumba. Anaitwa Hiram. Ofisi yake iko juu ya duka la mapazia, suti imenyooka, viatu unaweza kujiona ndani yake. Alitazama karatasi yangu ya mshahara kwa heshima ya mtu aliyeenda kuaga maiti. Akauliza kama hiyo ndiyo yote. Nikamwambia mimi ni stoo kipa kwenye duka la chakula cha mifugo, mwaka wa kumi na moja sasa. Uso wake ukabadilika. Akasema basi tumepona, mtu kama mimi hawezi kukosa ng'ombe.

Nikasema sina hata mbuzi. Akasema nina ng'ombe ishirini wa maziwa, wako shambani Ndabibi. Nikauliza hiyo si kudanganya benki?

"Hatuidanganyi, boss," akasema. "Tunaisaidia ituamini."

Jamani, kusoma ni kuzuri! Nilikubali kabla chai haijapoa. Na nani atanishuku? Magunia ya chakula cha ng'ombe yamepita mikononi mwangu hadi nanuka kama zizi. Hiram akaandika kila kitu kuhusu nyumba: iko wapi, vyumba vingapi, mwenyewe ni nani, namba yake ya simu. Kijana makini sana.

Jumamosi, 6 Septemba

Tulikuwa Kikopey, kwa wachoma nyama wa barabarani. Nimemchukua Kipkemoi, mteja wetu mwenye ng'ombe wa kweli kule Ndabibi, nikamketisha na Hiram mbele ya mbuzi wa kuchoma. Ombi lilikuwa dogo. Siku ya benki kuja, shamba liwe langu na yeye awe mfanyakazi wangu, kwa saa chache tu. Kipkemoi alicheka hadi akapaliwa. Akauliza kama ng'ombe wenyewe wamearifiwa. Ubavu wa nne ulipofika akakubali, kwa sharti kwamba kofia yake nzuri haivui. Mbuzi nimelipa mimi. Hiram alikuwa amesahau simu yenye pesa ndani ya gari.

Jumanne, 9 Septemba

Benki inataka watu wawili wanaonijua. Wa kwanza ametoka kwa Hiram, binamu yake sijui. Wa pili nimemchagua mwenyewe, na hapo nimeonyesha akili. Mzee Sitati! Baba mdogo wa Nanyama, yuko Bungoma, mzee wa kanisa, sauti nzito ya kutetemesha dirisha. Nikampigia. Nikamweleza kwamba benki ikiuliza kama mimi ni mfugaji, aseme ndiyo, ng'ombe ishirini.

Akauliza ni wa kienyeji au wa gredi, wale wa kizungu. Nikasema wa gredi, baba. Akauliza wako wapi hasa. Akauliza benki inakuja lini. Akasema siku hiyo atafunga safari mwenyewe, asimame nami kama mzazi.

Nilikaribia kulia. Halafu watu wanasema wakwe ni wabaya! Na wala hakunitajia wale ng'ombe wanne wa mahari waliobaki tangu tuoane. Mzee mwenye utu kweli.

Alhamisi, 18 Septemba

Lazima niandike haya.

Asubuhi ilianza vizuri. Nilifika Ndabibi nimevaa gambuti mpya za shambani. Ofisa wa benki, mwanamke kwa jina Jepkorir, akashuka kwenye gari na faili lake, mpole, maneno machache. Hiram hakuja, ana mafua. Nikaanza kumtembeza. Nikaonyesha malisho. Nikaonyesha tangi la maji. Kipkemoi alikuwa amesimama kando na kofia yake kama chifu, nikaona hiyo itatuchomea picha, benki itashuku. Mfanyakazi lazima atumwe. Nikamtuma ndoo. Nikamwambia hori ni chafu. Nikamwambia kwa sauti kwamba akiendelea na uvivu nitatafuta kijana mwingine. Jepkorir akaandika kitu. Nilijisikia tajiri. Kipkemoi akaniangalia kwa macho mekundu, lakini akaosha hori.

Jepkorir akauliza ni yupi mwenye mimba. Nikanyoosha mkono juu juu, nikasema wengi wao. Akaandika.

Hapo ndipo lori likaingia.

Mzee Sitati alikuwa mbele, suti ya Jumapili na fimbo. Nyuma wanaume watatu wa ukoo, na kamba. Nikadhani ni kamba za kufungia mizigo. Akashuka, akamsalimia Jepkorir, akaomba tuiname, akamshukuru Mungu aliyemfungulia mkwe wake milango. Amina. Kisha akaingia zizini, akawapita wale wembamba bila kuwatazama, na kuanza kugonga kwa fimbo migongo ya wale wanono. Huyu. Huyu. Na huyu. Na yule mama yake.

Nikamvuta kando. Nikamwambia baba, leo si siku nzuri, hawa ni dhamana ya benki. Akajibu kwa sauti ile ile ya kutetemesha dirisha kwamba benki imenijua mwezi huu, wao walinipa binti miaka tisa iliyopita, kwa hivyo foleni iheshimiwe. Jepkorir akainua kichwa. Akaniuliza kwa upole kama kuna madai mengine juu ya mifugo hii ambayo sikuyajaza. Akasubiri na kalamu yake.

Ningesema nini? Nikisema ng'ombe si wangu, mkopo umekufa. Nikisema ni wangu, wanapanda lori. Nikachagua lori! Nikasema kwa sauti, chukueni baba, mali ni ya kugawana. Nikamkimbilia Kipkemoi, nikamnong'oneza avumilie hadi mama wa benki aondoke, wakifika Gilgil nitawarudisha, sijui kivipi lakini nitawarudisha. Wa kwanza alikuwa tayari juu. Wa pili alikuwa anasukumwa.

Kipkemoi akaitua ndoo. Akavua ile kofia.

"Hizi ng'ombe ni zangu," akamwambia Jepkorir. "Huyu huwa ananiuzia chakula yao tu."

Jepkorir akafunga faili. Hakunigombeza, hakunicheka. Akasema tu asante kwa muda wangu, akamuuliza Kipkemoi kama angependa mkopo. Mzee Sitati aliketi juu ya jiwe na suti yake hadi ng'ombe wawili wakashushwa. Lori alilikodi kutoka Bungoma. Kwenda na kurudi.

Ijumaa, 19 Septemba

Mzee amehamia kwangu. Anasema harudi nyumbani mikono mitupu watu wamcheke. Ameketi kwenye kiti changu, anakula kuku wa mke wangu, na kila mgeni anayeingia anasimuliwa upya kwamba mimi ni mfugaji wa mdomo. Nanyama haongei nami. Ananiwekea chakula mezani kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Hiram hashiki simu. Mafua ni mabaya.

Kipkemoi amehamia duka la pili. Bosi ameniuliza kwa nini. Nimesema ushindani wa biashara.

Jumanne, 30 Septemba

Mama Valarie alikuja kuaga. Nyumba imeuzwa. Nikamuuliza nani amenunua. Akasema kijana mmoja wa suti, ana adabu sana, alimpigia tangu mwanzo wa mwezi, tena alijua vyumba vyote kabla hajaviona. Anaitwa Hiram.

Nikashika meza. Nikauliza amelipa kwa mpigo? Akasema hapana, wameandikishana kwa wakili, atalipa polepole miaka mitatu. Akamgeukia Nanyama, akasema kwa huruma kwamba hata ni masharti yale yale aliyotupa sisi tukakataa.

Nanyama alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Alikupa miaka mitatu, Joash," akasema. "Ungeniambia tu. Kibanda kingelipa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoka nje akaketi kibandani, mlango umefungwa, na mteja akabisha akachoka akaenda zake. Mzee Sitati alizima redio. Mimi nilijisikia vibaya sana, nasema ukweli, hadi saa ya chakula.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hiram alikuja kujitambulisha kama mwenye nyumba. Kodi imepanda. Kibanda kina kodi yake mbali. Nanyama hakubishana naye. Alibeba viti vyake na kioo, akaenda kwa rafiki yake mtaa wa Free Area, na mzee akambebea mashine ya kukausha nywele. Hakuniaga. Mzee ndiye aliyeniaga, kwa fimbo.

Basi nikabaki na Hiram. Nilimpa zake! Nikamwambia yeye ni mwizi, ni nyoka, amekula mbuzi wangu na nyumba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ananielewa, biashara ni biashara, na kwamba kusema kweli faili langu lilikuwa zuri. Kuna nyumba nyingine mtaa wa nyuma, kubwa kuliko hii. Nanyama akiiona atarudi mbio.

Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi. Mtu lazima ajifunze. Na nimeliona! Kosa lilikuwa ng'ombe. Safari hii kwenye fomu tumejaza nyanya, ekari tano, hapo hapo Ndabibi. Hakuna mkwe aliyewahi kukodi lori kufuata mahari ya nyanya.