Barua ya Sitini na Mbili

Jumatatu, 5 Julai 1993

Siku nane zimebaki! Jumanne ijayo Zuleha anamaliza eda. Miezi yote hii nimejizuia kiungwana, maana mjane aliye edani haposwi, hata kwa kukohoa. Mbarak wa malori ya samaki hajui uungwana. Amepeleka sukari kwa Zuleha, mtaani Kaloleni, kwa mkono wa dada yake, tena mara mbili. Mimi sina dada. Nina kompyuta.

Kusema kweli ni ya Laxmidas, mwenye duka la vitambaa, nami ni mpiga chapa wake kule nyuma ya majora. Lakini anaiogopa, kwa hiyo ni yangu.

Bahati imekuja yenyewe. Mama Rehma, mama mdogo wa Zuleha, ameniletea barua sitini na moja za marehemu Saleh nizipige chapa upya, kwa sababu mende wanazila. Saleh alikuwa akinunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, Port Victoria na kuandika nyumbani kila safari. Mwezi wa tatu malaria ikamchukua huko huko, akazikwa siku hiyo hiyo. Zuleha hakuuona mwili.

Sasa, Mwalimu Satwant, anayefundisha hesabu na kuazima kompyuta yetu jioni, ametunga programu. Unailisha maandishi ya mtu, nayo inaandika mengine kwa mtindo wake. Nikawaza: nani anafaa kunisifu mbele ya Zuleha kuliko mumewe mwenyewe? Akili hii, kama ingekuwa mvua, Kisumu ingefurika.

Jumanne, 6 Julai

Nimemaliza kuilisha barua zote. Vidole vimekufa ganzi. Nikabonyeza. Ikaandika: "Mke wangu mpenzi, mbuta ni wengi wa salamu na barafu anakusalimu."

Aibu tupu! Satwant akaja akairekebisha, ikawa inatazama maneno matatu nyuma badala ya moja. Akanionya kwamba mashine haijui kitu, haimjui Saleh wala kifo chake. Inajua tu neno lipi hufuata lipi. Akasema nisiitumie kwa mtu mwenye msiba. Nikakubali haraka sana, aende zake.

Nikabonyeza tena. Safari hii alikuwa Saleh. Sina namna nyingine ya kusema. Kuuliza kwake juu ya pipa la maji, kugombana kwake na muuza barafu, na mwisho "Funga dirisha la nyuma", kama alivyofunga kila barua. Nilikwenda kusimama kidogo barabarani, kwenye jua.

Jumatano, 7 Julai

Tatizo: Saleh hakuwahi kunitaja katika barua hata moja. Mtu tuliyesali safu moja!

Dawa: nimechapa "Muhidin ni mtu mwema" mara ishirini na kuichanganya na barua zake. Mashine ikatoa: "Muhidin ni mtu mwema lakini barafu yake huyeyuka kabla ya kufika."

Nimebonyeza mara kumi na nne. Kila mara nayeyuka. Mwishowe nikachukua iliyonitukana kidogo kuliko zote, nikaichomeka katikati ya zile sitini na moja, nikampelekea Mama Rehma mlangoni. Hakuna atakayejua.

Ijumaa, 9 Julai

Amejua.

Mama Rehma alikuja dukani baada ya sala. Nikajificha nyuma ya jora la satini. Akaniita nitoke, miguu inaonekana. Akasema Zuleha anazijua barua zake kwa moyo, na ni sitini na moja. Nikaanza kuapa. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema Zuleha amelia tangu jana, na hana hasira. Anasema huyu ni Saleh wake, maana hakuna mwingine anayesema vibaya juu ya barafu namna ile. Anataka nyingine, na haulizi inatoka wapi.

Kisha akanipa kikaratasi. Swali! Wazee wa ufuko wa Port Victoria wameihifadhi nafasi ya Saleh ya kununua samaki mpaka mwisho wa mwezi huu. Zuleha anataka kwenda kuishika mwenyewe, awe na kazi yake, asimtegemee mtu. Anauliza mumewe anasemaje. Aende?

Mimi sitaki aende. Port Victoria ni mbali, na pale ufukoni wanaume ni wengi kuliko samaki.

Jambo moja. Mama Rehma aliuliza Saleh amejuaje kwamba pipa la maji limepasuka chini. Limepasuka mwezi wa tano. Nimeipekua nakala yangu, na kweli ile barua inasema "pipa lililopasuka." Nimetafuta neno hilo katika zote sitini na moja. Halimo.

Jumamosi, 10 Julai

Nimeiuliza mashine swali la Zuleha. Ikajibu: "Usitoke. Nisubiri. Nakuja Ijumaa."

Hapa hakuna uchawi. Msafiri yeyote humwandikia mke wake hivyo, na Saleh aliandika hivyo kila safari. Lakini aliandika akiwa hai, na kweli alikuwa akija Ijumaa.

Nikajaribu kutunga yangu kwa mkono wangu, nzuri mno: usiende Port Victoria, na eda ikiisha fikiria wapiga chapa. Nikaipeleka, haikumaliza saa moja. Mama Rehma akairudisha akasema Zuleha amesoma mstari mmoja tu, akasema huyu siye. Mashine inamjua Saleh kuliko mimi, na mimi nilimbeba mabegani siku ya harusi yake!

Basi nikapeleka ile ya mashine. Angalau Zuleha hatatoka mjini.

Jumanne, 13 Julai

Eda imeisha. Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni Kaloleni na sahani ya mandazi. Mbarak naye alikuwepo na kanzu mpya, amekaa ndani ya lori, harufu ya samaki ikimtangulia. Hatukusalimiana.

Mlango haukufunguka. Saa tano. Saa sita. Mandazi nimeyala mwenyewe, yasipoe. Mwisho Mama Rehma akatoka, uso umesawijika. Akasema Zuleha hatoki. Hakuoga maji ya kumaliza eda, hakubadilisha nguo. Ameambiwa asubiri, anasubiri.

Mbarak akauliza ameambiwa na nani. Mama Rehma akanitazama mimi. Nikakumbuka nina kazi dukani.

Ijumaa, 16 Julai

Satwant amepata habari. Nilidhani atanipiga na rula. Akaniambia, Muhidin, hii kitu haijui mtu amekufa, wewe unajua. Nikasema ni kweli lakini. Akasema hakuna lakini, nenda umwambie leo.

Nikaenda. Mama Rehma akaniwekea kiti nje, chini ya dirisha la mbele lenye pazia. Nikamweleza Zuleha yote: ile ni mashine, haina roho, inafuatisha neno kwa neno bila kuelewa. Nilitoka jasho kama niko mahakamani.

Sauti yake ikasema kwamba Saleh naye kwa miaka kumi alikuwa akisema maneno yale yale, neno kwa neno, na hakuna aliyekuja kumwambia hana roho.

Upepo ukasogeza pazia. Mkeka umetandikwa, sahani mbili, wali umefunikwa. Mlango wa uani uko wazi. Kila lori lililopita likitoka upande wa Busia, njia ya Port Victoria, alinyamaza kulisikiliza mpaka lipotee.

Nimeogopa. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma: nimeogopa sana, na nimemhurumia. Nilirudi dukani mbio. Printa ilikuwa ikichapa peke yake. Laxmidas ameapa hakugusa kitu. Karatasi imeshuka mpaka sakafuni, na kila mstari unasema: "Nimefika. Mbona umekaa na mgeni?"

Jumamosi, 17 Julai

Satwant amesema niliiacha programu ikizunguka, na kwamba maneno hayo lazima yamo katika barua fulani. Nikamwambia atafute. Ametafuta asubuhi nzima. Hakuniambia amepata nini. Ameifuta programu, akaitoa disketi na kuikata vipande viwili kwa mkasi wa Laxmidas wa vitambaa. Akaniapisha.

Nimeapa. Nimetubu kabisa. Mashine si kitu cha kuchezea mioyo ya watu.

(Nina nakala ya programu. Ni ya tahadhari tu.)

Ijumaa, 30 Julai

Kesho nafasi ya Port Victoria inaisha. Mbarak ameshaomba apewe yeye. Zuleha bado yumo ndani. Mama Rehma anasema amekonda, pete inazunguka kidoleni, na kila Ijumaa anapika kwa wawili. Amekuja analia, akaniomba nimtafutie Zuleha neno moja tu la kumtoa nje. Nikasema nitajaribu.

Nikaweka ile nakala. Nikabonyeza. Ikakaa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikatoa mistari mitatu: "Mke wangu mpenzi, mimi siji tena. Fungua mlango. Nenda ukashike kazi yangu."

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa. Ni yeye. Angeisoma, angetoka leo leo. Kuna lori la alasiri, na usiku huu angelala Port Victoria.

Na mimi je? Akishaenda, nitamwona wapi? Nitaposa kwa posta?

Nimeikunja mara nne na kuiweka ndani ya kiatu. Nimebonyeza tena. Imesema: "Usitoke. Nisubiri." Hiyo ndiyo niliyompa Mama Rehma, naye akanishukuru kwa mikono miwili.

Wiki ijayo nitailisha tena sifa zangu. Safari iliyopita ziliandikwa mara ishirini tu. Kosa lilikuwa hapo.